Mambo ya Nyumbani: Tyubu moja, kazi nne

Mama mmoja wa Lubumbashi ametuandikia barua juu ya binti yake. Mtoto huyo ana miaka 16, yuko shuleni, na uso wake umejaa chunusi, hasa kwenye paji la uso na mashavuni. Kila chunusi ikipona huacha doa jeusi, na doa hilo hukaa miezi. Sasa msichana amekataa kukaa mbele darasani, naye hufunga kitambaa kichwani hata nyusi zifunikwe. Anamwomba mama yake fedha za kununua tyubu ya dawa ya uso ambayo, kama asemavyo, yafanya kazi nne kwa pamoja: huondoa chunusi, hufuta madoa, hupunguza mafuta ya ngozi, tena huilainisha ngozi isikauke. Bei yake yapita nusu ya bei ya gunia la unga la kilo 25. Mama atuuliza kama atoe fedha hizo, au kama yote ni hila za wafanya biashara.

Wako watu wazima ambao wakisikia habari kama hizi hucheka. Husema ni ujana tu, chunusi zitaondoka zenyewe. Ni kweli ya kwamba kwa wengi huondoka. Lakini miaka mitano ni mirefu kwa mtoto wa miaka 16, na wengine wetu twaendelea nazo hata baada ya kupita miaka 30. Tena sisi tulio walimu twaona jambo lisiloonekana nyumbani. Kijana aonaye haya kwa ajili ya uso wake hainui mkono hata akiwa na jibu, na akiitwa ubaoni husema hajui, ili asitazamwe na wenzake. Hapo chunusi zimekwisha kuingia katika masomo. Kwa hiyo hatukutaka kumjibu mama huyu kwa kubahatisha. Tulinunua tyubu ya namna ile ile, tukajipaka muda wa majuma 12.

Tyubu yetu ilitoka farmasi, ikiwa ndani ya boksi lililofungwa vizuri, lenye orodha ya vitu vilivyotiwa ndani. Ilikuwa na mililita 40. Katika orodha tuliona asidi ya salisiliki, ambayo huyeyusha uchafu ulioziba vitundu vya ngozi, na niasinamidi, ambayo ni namna ya vitamini B3 na hutuliza uvimbe. Vitu hivi vyote viwili vyajulikana sana kwa waganga wa ngozi. Basi tukafanya hivi: dawa tuliipaka upande wa kushoto wa uso tu, asubuhi na jioni, upande wa kuume tuliuosha kwa maji yale yale na sabuni ile ile, bila kuupaka dawa. Mama wa nyumba yetu alicheka sana, akisema mwalimu sasa ni shamba la majaribio, mtaro mmoja wenye mbolea na mmoja usio na mbolea. Alisema sawa, maana bila mtaro wa pili mkulima hajui kama mavuno yameletwa na mbolea au na mvua. Kila Jumapili jioni tulihesabu chunusi za kila upande mbele ya kioo, tukaandika katika daftari.

Kabla ya kuwaambia tulichokiona, yafaa tueleze chunusi ni nini, kwani mengi yasemwayo juu yake si kweli. Chini ya ngozi mna tezi ndogo ndogo zitoazo mafuta, na mafuta hayo hupanda kwa njia ya vitundu ambamo vinyweleo huota. Mtoto aanzapo kubalehe, homoni za mwili huziamuru tezi hizo kutoa mafuta mengi zaidi. Wakati huo huo chembe za ngozi zilizokufa hushikamana na kuziba mlango wa kitundu. Mafuta yakifungiwa, vijidudu ambavyo kwa kawaida hukaa juu ya ngozi ya kila mtu huongezeka humo, na mwili hupigana navyo. Ndipo panapovimba na kuuma. Basi chunusi si dalili ya uchafu, wala si adhabu ya tabia mbaya. Msichana aoshaye uso mara sita kwa siku na kuusugua kwa nguvu kwa dodoki hazimalizi, bali huichokoza ngozi. Wala ndimu haifai, kwani ukitoka juani ngozi yenye maji ya ndimu yaweza kubabuka na kubaki nyeusi. Dawa ya meno vile vile huunguza tu. Kuhusu chakula, wengi husingizia mafuta ya mawese na karanga. Lakini uchunguzi wa siku hizi hutazama zaidi vitu vitamu vya sukari, na hata hapo watu hawafanani.

Kwa ngozi nyeusi kuna shida ya pili, nayo mara nyingi ndiyo iliayo machozi kuliko chunusi yenyewe. Mahali palipovimba, chembe zitengenezazo rangi ya ngozi huamka na kumwaga rangi nyingi. Uvimbe huisha kwa juma moja au mawili, rangi hubaki. Doa hilo si kovu. Litaondoka, lakini kwa miezi mingi, pengine hata mwaka na zaidi likiwa limeingia chini sana. Tena mwanga wa jua hulikoleza. Na sisi wa Katanga twaishi juu ya nchi iliyoinuka mita 1,200 hivi toka bahari, mahali ambapo jua ni kali hata siku za baridi.

Sasa majaribio yetu. Majuma mawili ya kwanza yalikuwa mabaya. Ulikuwa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, upepo baridi na vumbi jekundu la barabara, na upande wa kushoto ulikauka, ngozi ikatoka maganda madogo karibu na mdomo. Hapo kazi ya nne iliyoandikwa juu ya boksi, yaani kulainisha, ilitushinda kuiamini. Tukapunguza, tukapaka jioni tu kwa muda wa majuma mawili, na asubuhi tukatumia krimu nyepesi isiyo na harufu. Ngozi ikatulia, tukarudi kupaka mara mbili. Katika juma la nne daftari letu lilionyesha pande zote mbili kuwa karibu sawa. Kama tungaliacha siku ile, tungaliandika hapa ya kwamba dawa hii ni maji tu. Na ndipo wengi waachapo! Lakini ngozi hujifanya upya polepole, kwa muda wa majuma manne hivi, na chunusi itakayotokea mwezi ujao imekwisha kuanza chini ya ngozi leo. Waganga husema dawa ya chunusi isihukumiwe kabla ya majuma manane hata 12. Na kweli katika juma la nane upande wa kushoto ulikuwa umepungukiwa na theluthi moja ya chunusi zake, na mwisho wa juma la 12 zilibaki chache, ambapo upande wa kuume ulikuwa kama ulivyoanza.

Kuhusu mafuta ya ngozi, uso haukung'aa kwa saa tatu au nne, kisha saa sita mchana mambo yalikuwa yale yale. Madoa ya zamani yalififia kidogo sana; upande wenye dawa ulitangulia, lakini ilitubidi kutazama kwa makini ili tuone tofauti. Faida kubwa juu ya madoa ilikuwa nyingine: kwa kuwa chunusi mpya zilipungua, madoa mapya nayo yalipungua. Basi, kati ya kazi nne, moja imefanywa vizuri, moja imefanywa nusu, moja yaenda kwa mwendo wa kinyonga, na ya nne haikufanyika katika kiangazi chetu. Huu ni uso mmoja tu, nasi hatuwezi kuapa kwa nyuso za watu wote. Lakini kwa habari ya salisiliki na niasinamidi yapatana na yale waganga wayasemayo.

Jambo moja la fedha tulilitambua mwishoni. Tyubu yetu iliisha katika juma la 12, nasi tulipaka nusu ya uso. Mwenye kupaka uso mzima atahitaji tyubu mbili kwa muda huo. Basi mama, ukitoa bei ya tyubu moja, hujalipa bado. Bei ya kweli ni ya tyubu mbili, yaani zaidi ya gunia zima la unga. Mtoto akipewa moja tu, itamwishia karibu na juma la sita, siku zile ambazo bado haoni kitu, naye atakata tamaa akiwa amepoteza fedha na matumaini pia.

Lakini si hiyo tyubu ya farmasi ituogopeshayo. Twaogopa kopo la sokoni. Mtoto akinyimwa tyubu ya bei kubwa, atakwenda sokoni na fedha kidogo, na huko atakuta makopo ya kila rangi yaliyopangwa juani, na muuzaji akipaza sauti ya kwamba hili laondoa chunusi, madoa, makunyanzi na weusi, yote kwa siku saba. Wazee walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, ubaya wa baadhi ya makopo hayo hauko katika kutofanya kazi. Uko katika kufanya kazi upesi mno.

Sikilizeni vizuri, vijana. Katika makopo mengi ya namna hiyo hutiwa klobetasoli au betamethasoni. Hizi ni dawa za kweli za hospitali, zenye nguvu nyingi, ambazo mganga huwapa wagonjwa wa ngozi kwa siku chache na kwa mahali padogo. Ukizipaka usoni, mishipa ya damu hujibana, uvimbe hulala, na ngozi hupauka. Kwa siku nne au tano chunusi zimenyamaza, uso umekuwa mweupe na laini, na marafiki wote wauliza jina la kopo. Baada ya miezi ngozi huwa nyembamba kama karatasi. Vimishipa vyekundu huonekana, vinyweleo huota usoni, na chunusi mpya hutokea kwa wingi, zote zikilingana kwa ukubwa. Msichana akiacha kupaka, uso hulipuka, huwasha na kuungua. Kwa hiyo asema: tazameni, nikiacha naugua, nikipaka napona! Naye hununua kopo la pili, akiamini ya kuwa mwenye kumjeruhi ndiye mganga wake. Na wale wajipakao mwili mzima kwa miaka huweza kupata mistari ya kupasuka kwa ngozi ambayo haitaondoka tena, presha ya damu, na kisukari. Hata wakipasuliwa hospitalini, vidonda vyao hukawia kufunga.

Makopo mengine yana haidrokwinoni, inayozuia ngozi kutengeneza rangi. Mganga aweza kuiandika kwa kiasi na kwa muda mfupi. Lakini mwaka 1975 waganga wa Afrika Kusini walieleza wazi ugonjwa waliouona kwa wanawake waliojipaka dawa hiyo miaka mingi: mashavu yalitoka mabaka yenye rangi ya buluu na weusi, magumu kama punje za mchanga, mahali pale pale walipotaka weupe. Ugonjwa huo ni mgumu mno kuponya. Afrika Kusini ilikataza haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990, na nchi za Umoja wa Ulaya zilifanya hivyo mwaka 2001. Kodivaa ilikataza vipodozi vya kuchubua ngozi mwaka 2015, na majirani wetu wa Rwanda walianza kuvikamata madukani kwa nguvu tangu mwaka 2018. Na kuna makopo na sabuni zenye zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata, uliotiwa sahihi na mataifa mwaka 2013, umekusudia kuiondoa kabisa katika vipodozi. Lakini mkataba hausimami kwenye meza ya soko kumshika mtu mkono.

Basi mjifunze kusoma maandishi madogo kabla ya kutazama picha ya uso mzuri. Orodha ya vitu huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, na kilicho kingi hutajwa kwanza. Mkiona neno lianzalo kwa herufi hydroq, au clobet, au betameth, au neno lenye mercur, rudisheni kopo mezani. Kama hakuna orodha yo yote, rudisheni vile vile. Wala msidhani ya kuwa orodha nzuri huthibitisha kila kitu, kwani wako wanaochapa uongo. Kopo liahidilo weupe na uponyaji kwa siku saba limekwisha kujishtaki lenyewe. Na kama mtu amekwisha kutumia dawa hizo zenye nguvu muda mrefu, asiziache kwa ghafula kwa hofu ya kusoma maneno yetu. Amwendee mganga na kopo mkononi, ampunguzie kwa taratibu.

Kwa wenye fedha chache kuna njia nyingine halali. Farmasi huuza peroksidi ya benzoili, dawa ya zamani isiyo na majina mengi ya urembo, nayo huua vile vijidudu vya chunusi. Ile ya kiasi cha 2.5 kwa mia hufanya kazi karibu sawa na ile ya 10 kwa mia, wala haiunguzi kama hiyo. Basi msinunue kubwa kwa kudhani ya kuwa ukali ni uponyaji. Ipakwe kidogo, jioni, na mjue ya kwamba hufuta rangi ya nguo: mto na shati la shule vitabaki na mabaka meupe. Kuna pia asidi ya azelaiki, nzuri kwa ngozi nyeusi kwa sababu hutuliza chunusi na kufifisha madoa bila kuipausha ngozi nzima, lakini si kila farmasi inayo. Dawa za jamii ya vitamini A zina nguvu, ila mwanamke mwenye mimba asiziguse. Na chunusi kubwa zenye maumivu, ziachazo mashimo, zisichezewe nyumbani hata kidogo. Hizo ni za mganga tangu siku ya kwanza.

Neno moja kwa wavulana waanzao kunyoa ndevu: vipele vya shingoni na kidevuni mara nyingi si chunusi, bali ni ndevu za kujikunja ziingiazo tena ndani ya ngozi. Tyubu yo yote haitawasaidia mkiendelea kunyoa hadi chini kabisa kila asubuhi. Ziacheni ziote kidogo.

Turudi kwa mama yetu. Ulisema chunusi za binti yako ziko hasa kwenye paji la uso. Tunakuomba utazame kwanza mafuta ya nywele anayotumia. Mwaka 1970 waganga wa Marekani waliandika juu ya chunusi za paji la uso kwa watu weusi waliopaka pomadi nzito kichwani: mafuta hushuka toka nywele hadi kwenye ngozi na kuziba vitundu. Sasa mtoto wako, kwa kuona haya, amefunga kitambaa juu ya paji hilo mchana kutwa. Kitambaa kimenyonya pomadi, kina joto na jasho, nacho husugua pale pale. Kile afichiacho chunusi ndicho kizilishacho.

Basi usianze na tyubu. Majuma manne ya kwanza apake mafuta nusu ya kiasi, kwenye ngozi ya kichwa cha nyuma tu wala si karibu na paji. Aoshe uso asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, kwa mikono tu. Asitumbue chunusi hata moja, kwani kila inayotumbuliwa huandaa doa jingine. Na safari ya kwenda shule avae kofia pana badala ya kitambaa cha kubana. Mpango huu haugharimu kitu. Ukiona mwezi umepita na mashavu hayajatulia, nenda farmasi naye pamoja, msome orodha wote wawili, na mnunue tyubu mbili au msinunue kabisa. Kama fedha za tyubu mbili hazipo, peroksidi ya benzoili yatosha kwa mashavu yake. Mwambie pia siku ya hukumu ya dawa, iandikwe katika kalenda ukutani, majuma 12 mbele, asije akaihukumu kila asubuhi katika kioo. Ajipime juma kwa juma katika daftari kama tulivyofanya sisi.

Na hicho kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto leo jioni.